Kilimo cha Kisasa Dodoma Kipimwe Wakati wa Kiangazi

Mpango wa Serikali ya Tanzania wa kukigeuza kilimo kuwa cha kibiashara, ambao umepewa jina la Ajenda 10/30 kwa kuwa unalenga sekta hiyo ikue kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030, umetengewa fedha nyingi kuliko ilivyozoeleka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi kuvuka bilioni 970 mwaka 2023/24. Mbolea imewekewa ruzuku, maafisa ugani wamegawiwa pikipiki, na Machi 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Chinangali, wilayani Chamwino, mashamba makubwa ya pamoja ya vijana chini ya programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kama BBT. Mifugo nayo ina programu yake ya namna hiyo, sambamba na uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizohifadhiwa, unaokusudia kuongeza ng'ombe wenye damu ya maziwa. Kwetu sisi wa mikoa ya kati, linalobaki kujadiliwa ni kama mpango huu umefuata hali ya hewa ya kanda yetu, ambayo hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kisha kukaukiwa kwa zaidi ya nusu mwaka.

Hoja ya wanaounga mkono mashamba ya pamoja ni nzito na haifai kupuuzwa. Mkulima mwenye ekari tatu hawezi kuchimba kisima kirefu peke yake, wala hawezi kununua trekta litakalofanya kazi wiki chache kwa mwaka. Vijana wengi hawana ardhi kabisa. Shamba likiwa moja, kisima kimoja, mabomba ya umwagiliaji wa matone na afisa ugani mmoja huweza kuwahudumia watu wengi, na mnunuzi hupata mzigo wa kutosha mahali pamoja. Zabibu ya Dodoma, ambayo utafiti wake hufanywa na kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ni mfano mzuri: huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini mavuno ya wakati wa ukame humtaka mkulima awe na maji ya uhakika.

Hata hivyo, mkoa huu umekwisha kuona mipango mikubwa iliyoanza na mashine. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Waingereza walifyeka mapori ya Kongwa ili kulima karanga. Mibuyu na mizizi ya vichaka iliharibu mitambo, udongo ukawa mgumu kama sakafu mara mvua ilipokatika, na mradi ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mpango wa leo hauko hivyo, kwa sababu unaongozwa na Serikali yetu wenyewe na una watafiti wanaoijua ardhi. Lakini udongo wa Kongwa ni uleule, na mvua ingali inakatika Februari kwa majuma kadhaa, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Majani ya mahindi hujikunja tangu saa nne asubuhi, ilhali mtama wa shamba la jirani husimama ukisubiri mvua irudi. Ruzuku inayomvuta mkulima wa Bahi au Chamwino kwenye mahindi kuliko mtama na uwele inamwongezea hatari ya njaa, hata kama mfuko wa mbolea ameupata kwa bei nafuu.

Upande wa ng'ombe wa maziwa ndiko kwenye mafunzo zaidi, na nadhani ndiko kunakozungumzwa kidogo mno. Mwaka 1973 Serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kupambana na makorongo yaliyokuwa yakiila ardhi ya Kondoa. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Kwa ardhi, matokeo yalikuwa mema: nyasi na miti vilirudi, na mashamba yakalimika. Kwa watu, gharama ilikuwa kubwa, maana kaya zilipoteza maziwa, samadi na maksai kwa mara moja, na wengine walihamisha mifugo yao hadi maeneo ya jirani, ambako mzigo wa malisho ukaongezeka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa masharti: wawe wachache, wa maziwa, na wafugwe bandani kwa kukatiwa majani. Huo ulikuwa ufugaji wa kisasa hapa hapa Dodoma, na ulifaulu pale ambapo mfugaji alipanda majani na kuwa na maji karibu.

Ng'ombe wa asili hutoa lita moja au mbili kwa siku, na chotara, yaani aliyechanganywa na damu ya maziwa, aliyelishwa vizuri huweza kutoa mara kadhaa ya kiasi hicho. Hapo wanaotetea uhimilishaji wana haki. Lakini ng'ombe anayekamuliwa sana hunywa lita 60 au zaidi kwa siku, sawa na madumu matatu ya lita ishirini. Mwezi Oktoba, katika kijiji ambako akina mama wanapanga foleni ya madumu kisimani tangu alfajiri, ng'ombe huyo anashindania maji na watoto. Yule wa asili huswagwa hadi lamboni, akala mabua njiani na kuishi. Chotara huyo akikosa maji na chakula hukauka maziwa, na mkopo uliomnunua hubaki palepale. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka damu ya kuchanganya ichaguliwe kwa uangalifu. Kituo cha utafiti cha Mpwapwa kiliwahi kuzalisha ng'ombe wa Mpwapwa kwa kuchanganya ng'ombe wa asili na damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, pamoja na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, kusudi apatikane mnyama wa maziwa anayestahimili ukame. Wamebaki wachache, na mpango wowote wa maziwa kwa kanda hii ungefaa uanze na ng'ombe kama hao kabla ya kufikiria Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya.

Kinachonisikitisha ni kwamba mazao na mifugo vinapangwa katika wizara mbili kana kwamba ni mali ya watu wawili. Mkamuaji wa alizeti hubaki na mashudu, ambayo ni chakula bora cha ng'ombe wa maziwa, na mengi husafirishwa nje ya mkoa. Mabua ya mtama huachwa shambani yaliwe na mchwa au yachomwe. Samadi nayo hulundikana zizini, huku mkulima huyohuyo akisubiri mbolea ya ruzuku.

Soko nalo lina neno lake. Wakulima wa Dodoma na Singida walihamasishwa kulima alizeti, wakapewa mbegu za ruzuku, kisha mwaka 2023 bei ikaporomoka huku mafuta ya kula ya nje yakiwa yamejaa sokoni. Maziwa yana hatari kubwa zaidi, kwa sababu alizeti husubiri ghalani, lakini maziwa kwa joto letu huharibika ndani ya saa chache. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini maziwa yanayosindikwa viwandani ni sehemu ndogo sana ya yanayokamuliwa. Jiji la Dodoma limekua haraka tangu Serikali ihamie, na wanywaji wapo. Vinavyokosekana vijijini ni tangi la kupozea maziwa na umeme usiokatika.

Kwa maoni yangu mpango uendelee, ila mpangilio wa matumizi ubadilike kwa kanda ya kati: malambo, visima na mabanda ya kuhifadhia majani makavu vitangulie, tangi la maziwa lifuate, kisha ndipo wafugaji wagawiwe mitamba, yaani ng'ombe jike ambao hawajazaa. Halmashauri zipimwe kwa idadi ya kaya zinazokamua Septemba, kwa sababu Machi, nyasi zikiwa kila mahali, karibu kila mpango huonekana umefaulu.