Je, tuzibe njia za urea ili figo itoe maji bila chumvi?

Dawa nyingi za kukojosha hufanya kazi kwa kuizuia figo isirudishe sodiamu mwilini. Sodiamu ikitoka, maji huifuata. Mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu hupata nafuu, lakini nafuu hiyo ina gharama yake: potasiamu nayo huweza kupotea, na sodiamu ya damu ikishuka kupita kiasi mgonjwa huchanganyikiwa, wengine hupata degedege. Kwa sababu hiyo watafiti kadhaa wametoa pendekezo ambalo naona linastahili kupimwa kwa makini: tuiache chumvi, tuzibe njia za urea, taka ya mwili inayotoka na mkojo, ili ibaki ndani ya mkojo na kuondoka na maji.

Urea hutengenezwa na ini kutokana na amonia inayobaki baada ya protini kuvunjwavunjwa. Ni molekuli ndogo, ila haipatani na mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli kwa mwendo wa kobe. Figo haiwezi kuisubiri. Hapo ndipo zinapoingia protini za kusafirisha urea, zinazotokana na jeni mbili zilizo jirani kwenye kromosomu ya 18. Ya kwanza hutoa familia ya UT-A (UT ni kifupi cha Kiingereza cha protini ya kusafirisha urea): UT-A1 na UT-A3 hukaa mwishoni mwa mirija ya kukusanyia mkojo, na UT-A2 kwenye sehemu nyembamba inayoshuka ya kitanzi cha Henle, mrija wa figo uliopinda kama herufi U. Ya pili hutoa UT-B, inayopatikana kwenye seli nyekundu za damu na kwenye vishipa vya damu vinavyoshuka ndani kabisa ya figo.

Umbo la protini hizi lilijulikana kwanza kupitia bakteria mwaka 2009, kisha UT-B ya ng'ombe mwaka 2012. Protini tatu hushikamana pamoja, na kila moja ina tundu lake la kupitisha urea. Katikati ya tundu kuna upenyo mwembamba uliobanwa na fenilalanini (aina ya asidi amino, tofali la kujengea protini) mbili zinazotazamana. Urea, ambayo ni molekuli bapa, hupita kiubavu, kama barua inavyotumbukizwa kwenye mwanya wa sanduku la posta. Haihitaji nishati, hutoka palipo na urea nyingi kwenda palipo na chache. Sehemu hii ya ndani inafanana mno kati ya UT-A na UT-B, na ugumu wa kutengeneza dawa unaanzia hapo: kemikali inayoziba moja huweza kuziba na nyingine.

Wanaounga mkono wazo hili wana ushahidi mzito, na sehemu yake inatoka kwa binadamu. UT-B ndiyo inayobeba alama za kundi la damu la Kidd, lililogunduliwa mwaka 1951. Mwaka 1982 iliripotiwa kwamba seli nyekundu za watu wasio na alama hizo kabisa hazipasuki haraka zinapotiwa kwenye urea kali, ishara kwamba urea haiingii ndani yake upesi. Watu hao, ambao ni wachache duniani lakini huonekana zaidi miongoni mwa Wapolinesia na Wafini, huishi maisha ya kawaida. Kasoro yao ni kwamba mkojo wao haufikii ukolezo wa juu kama wa wengine. (Wakihitaji kuongezewa damu ni jambo jingine, maana wanaweza kuwa na kingamwili dhidi ya damu ya karibu kila mtu.) Panya walioondolewa UT-A1 na UT-A3 nao waliishi, wakikojoa sana.

Upande wa pili una hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. UT-B iko pia kwenye ubongo, korodani na kibofu. Panya wasio nayo walionyesha hitilafu kwenye mwendo wa umeme wa moyo na mlundikano wa urea kwenye ubongo. Tena, mtu aliyezaliwa bila protini fulani amekuwa na maisha yake yote ya kuzoea. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu anayezibiwa ghafla hana nafasi hiyo.

Lakini hoja inayonigusa zaidi huzungumzwa kidogo. Wale panya wasio na UT-A1 na UT-A3 walipolishwa chakula chenye protini kidogo, karibu waweze kuhifadhi maji kama wenzao wazima. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya njia hizi ni kuizuia urea isiyashike maji ndani ya mkojo: ikitoka kwenye mrija na kulingana na iliyoko nje, haivuti maji tena. Ukiziba, urea hubaki ndani na kuondoka na maji. Sasa kama urea yenyewe ni haba, dawa itaondoka na nini? Mgonjwa wa ini aliyekonda, anayekula protini kidogo na ambaye ini lake halitengenezi urea ya kutosha, amejaa maji tumboni, lakini huenda ndiye atakayefaidika kidogo kuliko wote.

Kwa mgonjwa wa moyo mambo hugeuka. Mara nyingi vasopresini yake, homoni inayoiambia figo ihifadhi maji, iko juu, na homoni hiyo ndiyo inayochochea UT-A1 kwa kuibandika fosfeti. Urea ya damu yake nayo mara nyingi imepanda. Na kanuni yenyewe si ngeni hospitalini: madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wenye sodiamu ya chini urea ya kunywa, ili itoke na maji.

Kwa hiyo naunga mkono njia hii, kwa sharti kwamba shabaha iwe UT-A1 na UT-A3, na UT-B iachwe ifanye kazi yake. Majaribio kwa binadamu yaanzie kwa wenye moyo dhaifu na sodiamu iliyoshuka, na kiasi cha urea kwenye mkojo kipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa kuwa ndicho kitakachoonyesha kama kuna maji ya kuvutwa.