Hesabu ya kokoro kwenye kesi za gemu

Kibanda cha gemu kilikuwa cha mabati, nyuma ya kinyozi, mtaa wa Mabatini, Mwanza. Ndani kulikuwa na TV mbili za chogo, mashine mbili za gemu za PS2 na pedi nne. Moja kati ya hizo kitufe chake cha pasi kilishang'oka, ukipewa hiyo umefungwa kabla mechi haijaanza. Mechi moja shilingi 200. CD zilikaa kwenye kapu la plastiki, majina yameandikwa kwa makapeni, mengine kwa makosa ambayo tuliyazoea mpaka tukadhani ndiyo majina yenyewe. Zote zilikuwa kopi, na mashine zote mbili zilikuwa zimewekwa chipu na fundi wa mjini ili zikubali kuzisoma.

CD orijino sikuwahi kuiona. Usiniulize bei, maana hatukufika hata kwenye kuulizia. Hapakuwa na duka Mwanza nzima, angalau tulilolijua sisi, ambalo ungeingia na hela yako ukatoka na orijino.

Nimekikumbuka kibanda kile baada ya kubishana na rafiki yangu aliyesoma sheria. Yeye msimamo wake ni mwepesi: kila kopi ni gemu moja ambayo kampuni imekosa kuiuza, kwa hiyo zidisha idadi ya kopi kwa bei ya dukani, upate hasara. Nikamwambia hiyo ni hesabu ya kokoro, ule wavu unaokokota mpaka samaki wachanga.

Anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria atanielewa. Mtu akikamatwa soko la samaki la Mwaloni na ndoo ya sangara wachanga, wa chini ya zile sentimita 50, ana kosa, sibishi. Ila asitokee ofisa akasema: humu mna samaki 100, kila mmoja angekua akafika kilo 20, kwa hiyo unadaiwa kilo 2,000. Hata mtoto wa Igombe anajua kwamba wengi wa wale wasingekua. Wengine wangeliwa na sangara wenzao. Kosa lipo, hasara ipo, lakini kilo 2,000 hazijawahi kuwepo popote.

Na kortini mambo huwa hivyo hivyo, au huwa hakuna hesabu kabisa. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye hakimiliki asithibitishe hasara hata ya senti moja. Anaweza kuchagua fidia iliyopangwa na sheria, ambayo kwa kawaida ni kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na ikionekana ulikusudia inaweza kupanda mpaka 150,000. Mwaka 2021 mwenye tovuti ya RomUniverse, aliyekuwa akitoza watu ada ili wapakue gemu za Nintendo, kampuni ya Kijapani, aliamriwa kulipa dola 35,000 kwa kila gemu, na gemu zilikuwa 49. Ukiongeza na alama za biashara ikafika dola milioni 2.1. Makubaliano yakawa alipe dola 50 kwa mwezi. Nilichukua simu nikapiga hesabu: miaka 3,500. Na hata hizo 50 zilimshinda.

Gary Bowser, yule Mkanada wa kundi la Team Xecuter lililouza vifaa vya kuchezea gemu za wizi kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, alihukumiwa Februari 2022 kifungo cha miezi 40, na jumla aliyotakiwa kulipa, kwenye kesi ya jinai na ile ya madai, ikafika dola milioni 14.5. Mawakili wake walisema kwa miaka saba alipata kama dola 320,000. Sasa hiyo bado tunaiita fidia? Fidia ni kumrudishia mtu alichopoteza. Hiki ni kiboko, na kiboko kina kazi yake, ila kisivalishwe suti ya mhasibu.

Nisije nikaonekana nawatetea wezi tu. Mwaka 2024 ulitoka utafiti kuhusu gemu za kompyuta zinazolindwa na Denuvo, kinga ya kuzuia gemu isikopiwe. Kinga ikivunjwa ndani ya wiki ya kwanza, kampuni hupoteza kama asilimia 20 ya mapato. Ikivunjwa baada ya wiki 12, hasara inakaribia sifuri. Mimi hapo ndipo nilipopata jibu, na rafiki yangu hakulipenda. Hasara ipo, na ni kubwa, na inakaa kwenye siku zile ambazo watu wameshashika hela mkononi wakisubiri gemu itoke. Kijana wa Australia aliyeimwaga mtandaoni gemu ya Nintendo, New Super Mario Bros. Wii, siku chache kabla haijaingia sokoni, na mwaka 2010 akakubali kulipa dola za huko milioni 1.5, aligusa hela halisi. Kiasi chenyewe naona kimepitiliza, lakini mlango alioubomoa ndio wenyewe. Sisi wa Mabatini tulikuwa tunacheza kopi ya gemu ambayo huko ilikotoka ilishashuka bei.

Ningekuwa hakimu ningeuliza mambo mawili tu: umeingiza shilingi ngapi, na nani angenunua? La kwanza lingembana mwenye kibanda. Mechi 60 kwa siku ni 12,000, na katika hizo aliyetengeneza gemu hakuona hata mia. Hapo alikuwa na deni, na ni haki alipe.

Siku hizi anakaanga chipsi Buzuruga. Juzi nilimpitia jioni nikamsimulia yote haya, na ile miaka 3,500. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Sasa mdogo wangu, na mimi wangenipigia ngapi?"

Tukaanza kuzitaja CD za kwenye kapu, yeye moja, mimi moja, tukafika 31 tukakwama. Mara 35,000. Nikamwonyesha kioo cha simu: dola 1,085,000.

Akaitazama ile namba kwa muda, akageuza mayai, akaniuliza kama natumia pilipili.