Magharibi ya Marekani Haikujengwa kwa Bastola

Nimechoshwa na yule mwanamke wa dirishani. Mnamjua. Kila picha ya kauboi yumo: gauni refu, pazia mkononi, anachungulia vumbi la farasi. Mume akirudi analia, asiporudi analia. Juzi tukiwa tunatazama, jamaa mmoja akatamka kwa kujiamini kabisa kwamba Magharibi ya Marekani ilijengwa na wanaume, wanawake walifuata tu. Watu wakaitikia. Nilishindwa kunyamaza, na hasira haijaniisha.

Walifuata? Biddy Mason alifuata kweli, tena kwa miguu. Mwaka 1848 alikuwa mtumwa wa familia iliyohama kutoka Mississippi kwenda Utah. Yeye alitembea nyuma ya magari ya kukokotwa na wanyama akiswaga mifugo, maili zaidi ya elfu moja, vumbi la msafara mzima likimwishia usoni, na binti zake watatu, mdogo bado ananyonya. Jioni msafara ukisimama, kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza: kupika, kuuguza, na mama akishikwa na uchungu porini, anaitwa yeye. Mwaka 1851 akapelekwa California, jimbo ambalo katiba yake ilikataza utumwa, na bado akatumikishwa. Yule aliyemmiliki alipotaka kumhamishia Texas, yeye na watumwa wenzake, huko ambako utumwa ulikuwa halali, watu weusi huru waliomfahamu wakapiga mbio kwa wakuu wa sheria, shauri likafika mahakamani Los Angeles. Mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, kwa hiyo jaji Benjamin Hayes akamsikiliza faraghani. Januari 1856 akatoka huru, yeye na wenzake 13, wengi wao watoto.

Akashika ukunga na uuguzi, kwa dola 2.50 kwa siku. Fikirieni alijinyima mangapi kwa ujira huo hadi 1866 akanunua kiwanja chake mwenyewe, Spring Street, kwa dola 250. Leo hapo ni katikati ya jiji. Mwaka 1872 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kanisa la kwanza la watu weusi mjini humo. Alifariki 1891, na kaburi lake halikuwekewa jiwe hadi 1988. Hili linaniuma kuliko picha zote za kauboi zikijumlishwa.

Na hakuwa peke yake. Sheria ya mashamba ya 1862 iliruhusu mwanamke mseja aliyetimiza miaka 21, mjane au mtalikiwa, kudai ekari 160 kwa jina lake, mradi aishi hapo na kulima miaka mitano. Maelfu walidai. Kwenye nyanda zisizo na miti walijenga kwa mabonge ya udongo yaliyoshikana na mizizi ya nyasi, wakapikia kinyesi kikavu cha nyati. Aliyeolewa, mumewe akiwepo, alifanya kazi hiyohiyo na hati ikasoma jina la mume. Mary Fields, aliyezaliwa utumwani, alipata mkataba wa kusafirisha barua Montana mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka 60 na ushei.

Nakubali, bastola zilikuwepo, na wanaume walivunjika migongo kwenye reli na migodi. Nakubali pia, na hili si dogo, kwamba ekari zile zilikuwa za watu. Wanawake wa Lakota, wenyeji asilia wa nyanda hizo, walikuwa wakitengeneza ngozi za nyati na kumiliki mahema yao kabla hati yoyote haijaandikwa. Sarah Winnemucca, wa Wapaiute, wenyeji asilia wengine, alizunguka majukwaani akieleza kwa Kiingereza jinsi watu wake walivyonyang'anywa ardhi, na mwaka 1883 akachapisha kitabu kwa jina lake. Tukitaka kuizungumzia Magharibi ile kwa haki, tuanze na huyu kabla ya kauboi yeyote. Mwanamke huyu alikutana na Rais wa Marekani mwaka 1880 kuwatetea watu wake, akapewa ahadi, na ahadi haikutimizwa.