Kuhama kutoka kwenye sukari kwenda kwenye asali

Ni vigumu siku hizi kuzungumzia afya mjini Dar es Salaam, Mombasa au Unguja bila kusikia ushauri uleule ukirudiwa: acha sukari ya dukani, tumia asali, sukari guru, tende au stevia, kwa kuwa hivyo ni vitu vya asili na havina madhara. Wanaoutoa kwa kawaida wana nia njema, na wanaoupokea mara nyingi ni watu waliokwisha kuambiwa hospitalini kwamba sukari yao ya damu imepanda. Nchini Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 yao, kwa hiyo jambo hili linagusa nyumba nyingi. Maoni yangu ni kwamba ushauri huo una ukweli ndani yake, ila unauweka mahali pasipo pake: nafuu inayopatikana hutokana na kupungua kwa utamu wote anaoutumia mtu kwa siku, wala si na kubadili mahali utamu huo ulikotoka.

Tuanze na kijiko, kwa sababu hesabu nyingi huharibikia hapo. Kijiko kidogo cha chai kikijazwa sukari bila kurundika hubeba takriban gramu 4. Kijiko hichohicho kikijazwa asali hubeba takriban gramu 7, maana asali ni nzito, na kati ya gramu hizo 7 zaidi ya tano na nusu ni sukari tupu, yaani glukosi na fruktosi. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Wauzaji wa asali hupenda kutaja kwamba gramu 100 za asali zina kalori 304 ilhali gramu 100 za sukari zina kalori 387, na takwimu hiyo ni sahihi kabisa, lakini hakuna mtu anayepima chai yake kwa mizani. Anayeacha vijiko vitatu vya sukari na kuweka vijiko vitatu vya asali ameongeza sukari katika kikombe chake, huku akiamini kwamba ameipunguza. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2015 liliihesabu asali katika kundi moja na sukari ya kawaida, pamoja na shira na juisi za matunda, na likashauri kwamba kundi hilo lote lisizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana lishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, asilimia 5 ni gramu 25, sawa na vijiko sita vidogo vya sukari. Chupa moja ya soda ya kawaida ya mililita 300 imekwisha kuvuka kiwango hicho.

Watetezi wa asali wana jibu, nalo linastahili kusikilizwa. Wanasema asali ni tamu zaidi, kwa hiyo mtu hutumia kidogo. Ni kweli kwamba fruktosi, ambayo ndiyo sukari iliyo nyingi zaidi katika asali, huzidi sukari ya miwa kwa utamu. Lakini sifa hiyo hutegemea joto. Katika kinywaji baridi fruktosi huonekana tamu sana, na kadiri kinywaji kinavyopata moto utamu wake hushuka hadi kukaribiana na wa sukari ya kawaida. Maana yake ni kwamba katika maji ya ndimu yaliyopoa, au juu ya mtindi, asali inaweza kweli kumpunguzia mtu kiasi, ilhali katika chai ya maziwa inayofuka mvuke, ambako sisi ndiko tunakotumia utamu mwingi, faida hiyo karibu yote hupotea. (Wale wanaodai kwamba asali ikiguswa na maji ya moto hugeuka kuwa sumu nao wanatia chumvi, joto huua vimeng'enya na huharibu harufu, lakini kikombe cha chai hakizalishi sumu ya kumdhuru mtu.) Kuhusu kasi ya kupandisha sukari ya damu, katika kipimo ambacho glukosi hupewa 100, sukari ya kawaida hukaa karibu na 65 na asali karibu na 60, ikitegemea maua ambayo nyuki wameyatembelea. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kumfanya mgonjwa wa kisukari aondoe asali katika hesabu yake.

Hata hivyo, kuishia hapo na kusema kwamba asali ni sukari tu iliyovaa nguo nyingine kungekuwa kuwaonea watetezi wake. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya majaribio 18 yenye washiriki zaidi ya 1,100 na wakakuta kwamba asali, hasa ile mbichi, iliambatana na kushuka kidogo kwa sukari ya damu ya kufunga (ile inayopimwa kabla mtu hajala) na kwa lehemu mbaya. Ushahidi wenyewe waliupa daraja la chini, na washiriki kwa jumla walikuwa watu wenye mlo mzuri ambao tayari ulikuwa na sukari kidogo, kwa hiyo matokeo hayo hayampi ruhusa mtu anayekunywa soda mbili kwa siku kuongeza asali juu yake. Katika kikohozi ushahidi ni bora zaidi: kijiko cha asali kabla ya kulala humpunguzia mtoto kikohozi kuliko kutompa kitu, mradi mtoto huyo ametimiza mwaka mmoja. Chini ya umri huo asali haifai kabisa, hata ile ya kumlambisha mtoto mchanga kama desturi, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia.

Kisha ipo asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ambayo kwetu huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa na kuhesabiwa kuwa dawa. Mwaka 2020 wanasayansi wa Australia waligundua kwamba asali ya nyuki wa jamii hiyo, iliyochukuliwa Australia, Malaysia na Brazil, ilikuwa na kiasi kikubwa cha sukari iitwayo trehalulosi, ambayo mwili huivunja polepole na ambayo haiozeshi meno. Habari hiyo inavutia, na inaelekea kuwapa haki wazee walioitenga asali hii na nyingine. Lakini nyuki wale si nyuki wa Tabora wala wa Kilimanjaro, na kiasi chenyewe kilitofautiana sana, kutoka gramu 13 hadi 44 katika kila gramu 100, hata ndani ya sampuli zilizopimwa huko. Anayeinunua kwa bei hiyo kwa ajili ya kisukari anapaswa kuthibitisha kwa glukometa yake mwenyewe, yaani kifaa cha kupimia sukari ya damu, saa mbili baada ya kuila, si kwa maneno ya muuzaji.

Na hapo linaingia suala ambalo watetezi wa vitu vya asili hulipitia haraka mno, nalo ni kama kilichomo ndani ya chupa ni asali. Asali nyingi hutufikia katika chupa za maji zilizotumika, haina lebo, imepita katika mikono mitatu au minne tangu kutoka msitu wa miombo. Kuichanganya na shira ya sukari ni rahisi, na vipimo vinavyosifiwa mitaani, vya kuwasha kijiti cha kiberiti kilichochovywa, kudondosha tone katika glasi ya maji au kutazama kama sisimizi watakuja, haviwezi kuigundua. Vingi hupima unene na maji tu, na shira nzito itavipita. Maabara ndiyo huweza, kwa njia ya kupendeza: muwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi yenye maua ya nyuki, na alama ya tofauti hiyo hubaki katika kaboni ya sukari yenyewe. Mnunuzi wa kawaida hana maabara. Anachoweza ni kumjua mfugaji, au kununua ya kikundi kilichosajiliwa na chenye alama ya shirika la viwango.

Sukari guru nitaipitia kwa kifupi. Ni maji ya miwa yaliyochemshwa hadi kuganda, na kwa kuwa hayakusafishwa, yamebakiwa na madini kidogo, yakiwemo ya chuma. Sehemu yake kubwa bado ni sukrosi, yaani sukari ileile ya dukani. Mtu atakayetegemea vijiko viwili vya sukari guru kuongeza damu atapata chuma kidogo kuliko anayekula kikombe kimoja cha maharage, na maharage hayampandishii sukari kwa kasi hiyo. Ladha yake ni nzuri katika uji na katika kashata. Hiyo ni sababu ya kutosha kuipenda, bila kuibebesha kazi ya hospitali.

Tende ni hoja yenye nguvu zaidi, ingawa kwa uzito wake karibu theluthi mbili ni sukari. Tofauti ni kwamba ni tunda zima: zina nyuzinyuzi, hutafunwa, na mtu anayefuturu kwa tende tatu hutosheka nazo kwa namna ambayo glasi ya juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari haimtoshelezi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauhesabu sukari iliyomo ndani ya tunda zima. Tende zikisagwa, zikachujwa na kuwa shira ya kupikia visheti, msamaha huo umekwisha. Vivyo hivyo muwa unaotafunwa kibarazani si sawa na glasi ya juisi ya miwa ya barabarani, hata ikitiwa tangawizi na ndimu.

Stevia ipo upande mwingine kabisa, kwa kuwa huleta utamu bila sukari. Mmea huu wa Paraguay umepata kulimwa na wakulima wa Kericho nchini Kenya, na vitu vitamu vinavyokamuliwa katika majani yake huzidi sukari kwa utamu mara 200 hadi 300. Kwa mgonjwa wa kisukari anayeshindwa kabisa kunywa chai isiyo na utamu, naiona kuwa msaada halali, akikumbuka kusoma paketi, maana baadhi ya pakiti za unga wake hujazwa dekstrosi, ambayo ni glukosi, ili unga uweze kushikika. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie viongeza utamu visivyo na sukari kwa lengo la kupunguza uzito, na stevia ilitajwa humo pamoja na vile vya viwandani. Wauzaji wa "asilia" hawapendi kulitaja hilo. Mwongozo huo hata hivyo ulikuwa wa masharti na haukuwahusu watu wenye kisukari tayari. Miezi miwili baadaye aspatemu, kiongeza utamu cha kiwandani kinachotiwa katika soda zisizo na sukari, iliwekwa katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, hofu ikaenea. Lakini kamati iliyopima kiasi salama iliacha kiwango kilekile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kiwango ambacho mtu wa kilo 70 angekivuka kwa kunywa makopo 9 hadi 14 ya soda ya namna hiyo kwa siku moja. Ninavyoona, hatari iliyo karibu zaidi ni kwamba viongeza hivi vyote, vya jani na vya kiwanda, huuacha ulimi ukidai utamu uleule.

Hii hainifanyi nione njia za asili kuwa porojo. Metformini, kidonge anachopewa kwanza karibu kila mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu, wakemia wakatengeneza dawa inayofanana na kiini chake, ikaanza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Tofauti kati ya dawa hiyo na kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, cha mwaka 2011, ambacho maelfu walikifuata Samunge kwa shilingi 500 wakiamini kinaponya hata kisukari, ni kipimo na uthibitisho. Tena ushindi mkubwa wa njia ya asili ulipatikana bila mzizi wala asali: jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, lenye watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari, lilionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki kulipunguza kisukari kwa asilimia 58, wakati metformini ilikipunguza kwa asilimia 31. Kutembea hakuna muuzaji, na nadhani ndiyo sababu hakusifiwi sokoni.

Kwa nyumba ya kawaida, basi, ningependekeza kupunguza nusu kijiko katika kila kikombe, kukaa hapo wiki mbili tatu hadi ulimi uzoee, kisha kushuka tena, huku iliki, tangawizi na mdalasini vikijaza pengo la ladha. Asali ibaki kwa kikohozi na kwa mkate wa asubuhi ya siku maalumu.

Lipo jambo moja ambalo familia zilizofukuza sukari nyumbani husahau. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Wakati huo anahitaji takriban gramu 15 za sukari inayofika haraka: vijiko vinne vidogo katika maji, au kijiko kimoja kikubwa cha asali, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Stevia haitamsaidia, wala soda isiyo na sukari. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe chochote. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.