Mkubwa akimsomea mdogo, nani anafaidika?

Ushauri wa kumpa mtoto mkubwa kazi ya kumsomea mdogo wake hadithi kwa sauti hutolewa kana kwamba hauna gharama. Mdogo anasikia maneno mapya na kuzoea kitabu, mzazi anapata nafasi ya kupumua. Kwa maoni yangu, anayesahaulika ndiye anayevuna zaidi: msomaji mwenyewe.

Mwaka 1975 watafiti Robert Zajonc na Gregory Markus walidai kwamba mtoto mkubwa hunufaika kiakili kwa kuwafundisha wadogo zake, nafasi ambayo kitindamimba hana. Nadharia yao pana imepingwa sana, lakini hoja hiyo naiona kwa mtoto wa darasa la nne anayesoma kwa kusuasua. Mbele ya wenzake ataona haya kushika kitabu cha picha chenye sentensi moja kila ukurasa. Akimsomea mdogo wake, ana kisingizio kizuri. Na mdogo, kama ilivyo ada yao, atadai hadithi ileile tena na tena. Kurudia huko ndiko kunakolainisha ulimi, na mwalimu akijaribu kulazimisha marudio hayo ataambulia manung'uniko.

Kwa upande wa mdogo nina shaka. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake waliwafunza wazazi kwa mwezi mmoja namna ya kuwauliza maswali watoto wao wa miaka miwili hivi wakati wa kuwasomea, na kuyapanua majibu yao. Watoto hao waliwapita kwa lugha wenzao ambao nao walisomewa, ila kwa mtindo wa kawaida. Kumbe maongezi juu ya kitabu yana uzito wake. Sasa msikilize msomaji wa miaka tisa. Mdogo anaweka kidole kwenye picha: "Mbona sungura analia?" Anajibiwa: "Nyamaza, sijamaliza!" Mwenzake anahangaika na herufi, swali atalishughulikia saa ngapi? Matamshi yakikosewa hapa na pale sijali. Maswali yakizimwa, najali.

Halafu kuna mzigo, ambao mara nyingi humwangukia binti mkubwa mwenye kazi nyingine za nyumbani. Hadithi ikigeuzwa zamu kama ya kuosha vyombo, wote wawili watakichukia kitabu.

Ningeruhusu, ila mzazi awe karibu, kitabu kiwe chepesi kuliko kiwango cha msomaji, na mdogo ndiye afunue kurasa. Akiruka tatu kumwahi simba, aachwe.