Nenosiri la kaunta si ulinzi
Mwandishi wa makala kuhusu Wi-Fi ya mikahawani anasema Wi-Fi yenye nenosiri ni salama. Sikubaliani hata kidogo. Kwenye mikahawa mingi ya Kampala nenosiri limebandikwa kaunta, kila anayeagiza chai analijua, na yeyote mwenye simu anaweza kuwasha hotispoti (Wi-Fi inayotoka kwenye simu) yenye jina lilelile na nenosiri lilelile. Simu yako, kama iliwahi kujiunga na Wi-Fi ya mkahawa huo, inaweza kujiunga yenyewe bila kukuuliza. Kinachonitia hofu zaidi ni ule ukurasa wa kujisajili unaotokea ukijiunga na Wi-Fi, unaodai nenosiri la barua pepe au namba ya siri ya pesa za simu. Ukiuona, funga papo hapo! Nikitaka kutuma pesa napiga *165# (ya MTN) au *185# (ya Airtel), kwa sababu hiyo haipiti kwenye Wi-Fi kabisa. Wenzangu wa Jinja na Mbale, simu zenu mmezizuia kujiunga zenyewe?