Soseji ya kuku ya nyumbani haitaki yai wala mkate

Kila nikiona mtu anafundisha kutengeneza soseji za kuku nyumbani huwa najua kabisa kinachokuja, anasaga kuku, anapasua yai, anamwaga chenga za mkate, halafu ngano vijiko viwili "ili ishike", kitunguu kibichi, hoho, karoti ya kukwaruza, mwisho anatuonyesha kitu pembeni kimekauka na katikati kiko tepetepe. Jamani hiyo ni kababu. Na mi sina ugomvi na kababu hata kidogo, mwezi wa Ramadhani nipe sahani na uniache, ila kababu na soseji zinashikana kwa njia mbili tofauti na ukichanganya zote unakosa huku na huku. Kababu inashikwa na yai na mkate. Soseji inashikwa na chumvi, basi.

Ndani ya nyama kuna protini inaitwa mayosini, ukitia chumvi ya kutosha na ukakanda kwa nguvu inayeyuka na kutoka nje ya nyuzi za nyama, unaiona kwa macho kabisa, nyama inaacha kuwa chenga chenga inaanza kunata, ukiivuta inafanya vinyuzi vyeupe vyeupe, inang'ang'ania bakuli. Ukiiweka motoni ile mayosini inaganda na kushikilia maji na mafuta ndani, ndo unapata ule mng'ato wa soseji, unauma inakukatalia kidogo halafu inaachia majimaji. Yai halikupi hicho. Ngano ndo kabisa inakupa ulaini wa uji uji. Kipimo changu cha kujua kama nimekanda vya kutosha: chukua bonge, bandika kwenye kiganja, geuza mkono chini. Likining'inia bila kudondoka umemaliza. Likidondoka endelea kukanda, usikimbilie yai.

Adui namba moja hapa kwetu ni joto. Mafuta ya kuku ni laini sana, yanaanza kuyeyuka hata kwenye joto la mkono, yakiyeyuka kabla hujafika kwenye kikaango yanajitenga na nyama, unapika unaona dimbwi la mafuta na bapa za soseji (hizi hatuzijazi kwenye utumbo) zimesinyaa zimekuwa kavu, halafu mtu anasema "soseji za kuku huwa kavu". Hapana, jiko lako lilikuwa na joto. Sisi wa Dar hasa hii miezi ya Januari na Februari usijidanganye kusaga kuku saa saba mchana. Fanya alfajiri au usiku, nyama iingie frizi kwanza mpaka ianze kuwa ngumu pembeni ila katikati bado inakatika, bakuli pia liingie frizi, hata kisu cha brenda kama unatumia brenda. Na maji unayotia yawe ya barafu.

Sasa tuje kwenye nyama, maana hapa ndo napishana na wengi. Acheni kidari. Najua dunia nzima imeambiwa kidari ndo afya, na watu wa gym mtanishukia, lakini kidari kisicho na ngozi kina mafuta kidogo mno, hakuna chumvi wala kukanda kutakakokiokoa, utakula vumbi. Mapaja. Toa mfupa, toa ile mishipa myeupe inayoteleza maana ikibaki inajizungusha kwenye kisu cha mashine, na ngozi usitupe, ikate vipande vidogo, igandishe, isage pamoja na nyama. Ngozi ndo mafuta yako. Na kuku awe wa kisasa, nasema hivi mimi ambaye kuku wa kienyeji namheshimu sana, ila kienyeji ana kazi yake kwenye supu na mchuzi wa nazi, ukimsaga unapoteza hela na bado hana mafuta ya kutosha.

Kusaga, mashine ya mkono ile ya kufunga kwenye ukingo wa meza inatosha kabisa. Kama huna, brenda kwa kubonyeza na kuachia, bonyeza achia, usiiache izunguke mpaka ikatoka uji. Kama huna brenda, visu viwili na ubao na redio iwe inapiga kitu kizuri. Bucha wengine watakusagia, lakini ile mashine imetoka kusaga ng'ombe na haijaoshwa tangu asubuhi, mi siwezi, kuku mbichi tayari ana mambo yake ya salmonela sihitaji kuongeza mengine. Na kama wewe ni wa kuosha kuku, najua wengi wetu ni wa kuosha kuku, wataalamu wa Uingereza na Marekani wanakataza kwa sababu yale maji yanarusha vijidudu mpaka kwenye vyombo, ila kuku wa soko akija na damu na manyoya sitakuambia usimguse. Osha taratibu kwenye beseni, safisha sinki na kila kitu kilichorukiwa, halafu mkaushe kwa taulo za karatasi mpaka akauke kweli, maana maji ya juu juu yanaharibu ule mnato.

Vipimo vyangu kwa kilo moja ya nyama na ngozi: chumvi laini gramu 15, kama huna mizani ni vijiko vya chai viwili na nusu vya kusawazisha. Sukari vijiko vya chai viwili, usiogope, haitakuwa tamu, inasaidia kupata ule wekundu wa juu kwenye kikaango. Pilipili manga uliyotwanga mwenyewe kijiko cha chai kimoja na nusu. Kungumanga ya kukwaruza, kidogo tu. Kitunguu saumu cha kusaga na tangawizi, kidogo. Maji ya barafu vijiko vya chakula vitatu. Wamarekani, ambao soseji yao ya asubuhi kwa kawaida ni ya nguruwe na mara nyingi wanaipika hivihivi bapa bila kuijaza kwenye utumbo, wanatia majani ya sage, ndo yanayotoa ile harufu yake. Kwetu kuyapata ni kazi, mi natumia thyme kavu ya kwenye kichupa, pamoja na mbegu za shamari nilizozikaanga kavu kidogo nikazivunjavunja. Shamari ndo siri, wageni huwa wanauliza umetia nini. Kitunguu maji kibichi usitie, kinatoa maji. Binzari nyembamba ukitia nyingi umerudi kwenye kababu na shangazi atakwambia hivyo hivyo usoni.

Sipendi kabisa mtu anayeonja nyama mbichi ya kuku kwenye ncha ya ulimi eti anasikilizia chumvi. Kaanga kipande kidogo kama sarafu, onja, rekebisha. Halafu weka kwenye friji nusu saa, lowesha mikono maji baridi, tengeneza bapa za kama gramu 60, unene wa sentimita moja, bonyeza katikati kwa kidole gumba kidogo kwa sababu zikipikwa zinavimba kati. Moto wa wastani, mafuta kidogo sana, dakika nne au tano kila upande na usizibonyeze na mwiko, kuna watu wana ugonjwa wa kubonyeza, yale maji yanayolia tsss ndo ladha yako inaondoka. Kama una kipimajoto cha nyama katikati ifike nyuzi 74 za Selsiasi. Kama huna, pasua moja, kusiwe na uteute wala majimaji ya pinki, na hata hapo usijiamini sana, bora uiongezee dakika.

Mtu atasema sasa shida yote ya nini na pakiti zipo dukani. Pindua pakiti usome nyuma. Wanga, soya, maji, na nyingine zimeandikwa kabisa nyama iliyotenganishwa kwa mashine, yaani mizoga ikishatolewa minofu inakamuliwa kwa presha mpaka kinachobaki kwenye mifupa kinatoka kama rojo. Umoja wa Ulaya hiyo hawairuhusu ihesabiwe kama nyama kwenye lebo. Sisemi ni sumu, nasema nakataa kuilipia bei ya nyama. Ile habari ya mwaka 2015 ya taasisi ya saratani ya WHO kuweka nyama za kusindikwa kundi moja na sigara nayo watu waliielewa vibaya, kundi lile linapima uhakika wa ushahidi kwamba kitu kinasababisha saratani, halimaanishi hatari iko sawasawa na sigara, na yangu ya nyumbani nayo si dawa, ina chumvi na mafuta kama kawaida, ila angalau haina naitraiti, ile kemikali ya kuhifadhi nyama, na najua ni paja la nani. Kinachonitisha zaidi ni tabia yetu ya kutoa soseji kwenye pakiti na kumpa mtoto bila kuipasha. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 walipata mlipuko wa listeria, watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa, na chanzo kikaja kuonekana ni poloni, nyama ya kukata na kula hivihivi. Kile kidudu kinakua hata ndani ya friji. Moto ndo kinauogopa.

Hizi zako kwa kuwa hazina naitraiti hazikai. Mbichi kwenye friji siku moja, mbili mwisho, zingine panga kwenye sinia na karatasi katikati zigande, kisha tia kwenye mfuko na uandike tarehe, zinafika miezi mitatu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na zikayeyuka, usizigandishe tena, zikiwa bado baridi zipike siku hiyohiyo, zikishakuwa vuguvugu tupa, najua inauma.

Za kula, mi naweka ndani ya chapati ya moto na yai la kukaanga, kachumbari yenye ndimu nyingi, na pilipili ya embe pembeni. Watoto wanataka tomato sosi na nimeshachoka kubishana nao. Mume wangu anazila na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, nilimcheka mwanzoni, ila jaribuni, mihogo inanyonya yale mafuta yaliyobaki kwenye kikaango vizuri kuliko mkate wowote.